Nanyuki ni Mbali Kiasi Gani?

Sogeeni karibu, nafasi ipo. Leo sina hadithi ya sungura wala ya fisi mroho. Nina swali, tena ni lile linaloulizwa kila asubuhi kwenye steji za Nyeri, Karatina na Nanyuki: kutoka hapa hadi kule ni mbali kiasi gani?

Muulize dereva wa matatu ya Nyeri habari ya Nairobi, atakwambia ni kilomita 150 hivi. Kondakta wake hatataja kilomita kabisa. Atakwambia ni saa mbili na nusu au tatu, ikiwa barabara ya Thika haina msongamano. Rubani atakunjua ramani, aweke rula, kisha akwambie hazifiki kilomita 100. Na mzee wa zamani, aliyeijua njia hiyo kwa nyayo zake, alihesabu kwa malazi: unalala hapa, unalala pale, na ukiamka mara ya tatu au ya nne unaingia mjini. Watu wanne, majibu manne, na miji yenyewe haijasogea hata hatua moja.

Hakuna mwongo kati yao. Ila kila mmoja ana kipimo chake, na asiyejua anapimiwa kwa kipimo gani hudanganyika kwa urahisi. Tuanze na dereva na rubani, maana tofauti yao ni kubwa. Kilomita 50 nzima zimepotelea wapi?

Tazama ramani ya Kenya. Nyeri iko karibu kaskazini kabisa mwa Nairobi, imesogea kidogo tu kuelekea mashariki. Kunguru angeondoka Nairobi, akapita juu ya vilima vya Murang'a, akatua Nyeri. Lakini gari haliruki. Kati ya miji hii miwili kuna mito inayoteremka kutoka milima ya Nyandarua ikielekea mashariki: Chania, Thika, Maragua, Mathioya, Gura, na vijito visivyo na idadi. Kila mto umejichimbia bonde, na kati ya bonde na bonde umebaki mgongo wa ardhi uliopandwa chai au kahawa. Anayetaka kupita katikati atapanda na kushuka, atapanda na kushuka, mpaka tumbo limchafuke.

Kwa hiyo barabara kuu inayakwepa mabonde. Inatoka Thika, inapita Kenol na Makutano, inashuka hadi Sagana, mahali palipo chini kuliko Nairobi na chini kuliko Nyeri pia. Hapo ndipo inapogeuka na kuanza kuupanda mwinuko wa Karatina na Marua. Umekwenda mashariki kupita kiasi, sasa unarudi magharibi. Zile kilomita 50 ziko hapo Sagana, kwenye samaki wa kukaanga na matunda yanayouzwa madirishani.

Sehemu ya kutoka Kenol hadi Marua, yenye kilomita 84, ndiyo ile iliyopangiwa kupanuliwa iwe ya njia mbili kila upande. Zingatieni jambo hili: upanuzi hupunguza dakika, haupunguzi kilomita. Anayesema barabara mpya imeileta Nyeri karibu na Nairobi amezungumza lugha ya kondakta, si ya dereva.

Na kwa miguu je? Mtu mzima akitembea kwa nguvu huenda kilomita 5 kwa saa. Kilomita 150 ni saa 30 za kutembea mfululizo, bila kula wala kulala. Ukitembea saa nane au kumi kwa siku, ni siku tatu au nne, na hesabu ya mzee imetimia. Tuna mwenzetu, Catherine Ndereba, aliyezaliwa Nyeri hapa, ambaye mwaka 2001 alivunja rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake huko Chicago. Alikimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47, yaani zaidi ya kilomita 18 kila saa. Laiti angeweza kushika kasi hiyo bila kuchoka, angetoka Nyeri asubuhi saa moja na kufika Nairobi kama saa tisa alasiri. Hakuna binadamu awezaye, lakini hesabu inaruhusu.

Sasa twende angani.

Ndege za abiria zinazofuata ratiba, kwa watu wa upande huu wa mlima, hutua Nanyuki. Huondoka uwanja wa Wilson jijini Nairobi, uwanja wenye jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya ndege Nairobi mwaka 1929. Kutoka Wilson hadi uwanja wa Nanyuki, ukipima kwa rula, ni kilomita 142 hivi. Kwa barabara ni karibu 200. Ndege zinazopita njia hii nyingi ni ndogo, zile za rafadha, na mojawapo iliyozoeleka sana ni Cessna Caravan, yenye rafadha moja puani na viti visivyozidi kumi na vitatu au vinne. Ikishatulia angani, mwendo wake ni karibu kilomita 300 kwa saa.

Toa kalamu. Kilomita 142 gawanya kwa 300. Unapata chini kidogo ya nusu saa; dakika 28. Haya, fungua ratiba ya ndege hizo. Utakuta dakika 40 au hata 45. Hapo ndipo mtoto mjanja anapokunja uso na kuuliza: zile dakika nyingine rubani anazipeleka wapi?

Ratiba haianzi kuhesabu ndege ikiwa angani. Inaanza pale magurudumu yanapoanza kuzunguka mbele ya jengo la abiria. Wilson ni uwanja wenye shughuli nyingi, na ndege hujipanga foleni kusubiri zamu ya kuruka. Ikiruka, haiwezi kupanda na kukimbia kwa wakati mmoja. Inapopanda, kasi inashuka. Ikikaribia Nanyuki nayo haijitupi chini. Marubani hupenda kuruka na kutua wakiukabili upepo, kwa sababu upepo wa mbele huyasaidia mabawa kuinua ndege hata ikiwa mwendo wake juu ya ardhi ni mdogo. Ikiwa siku hiyo upepo unavuma kutoka upande usiofaa, ndege hulazimika kuzunguka uwanja ili kuingilia upande wa pili. Dakika tano hizo. Wakati mwingine ndege moja hugawa abiria kwenye viwanja viwili vitatu vya Laikipia kabla ya kukufikisha kwako, na hapo hata dakika 45 hazitoshi.

Upepo wenyewe una ubishi wake. Kasi ya ndege hupimwa kwa hewa inayoizunguka. Ikiwa ndege inaikata hewa kwa kilomita 300 kwa saa, na hewa yenyewe inasukumwa nyuma kwa kilomita 40 kwa saa, basi ardhi ya chini inaiona ndege ikienda 260 tu. Ikirudi na upepo ule ule mgongoni, inakwenda 340. Ndiyo maana kwenda na kurudi, njia ile ile, ndege ile ile, huweza kuchukua dakika tofauti.

Lakini kwetu sisi mwenye nyumba ni mlima.

Weka rula yako tena, Wilson upande huu, Nanyuki upande ule. Mstari unapita karibu juu ya mji wa Nyeri. Kushoto kwake kuna milima ya Nyandarua, ambayo kilele chake cha juu, Satima, kina mita 4,001. Kulia kuna Mlima Kenya, wenye kilele cha Batian kinachofika mita 5,199. Nyeri imekaa kwenye pengo lililo katikati. Ndege ndogo nyingi haziwezi kuhifadhi hewa nzito ndani yake, kwa hiyo haziwezi kwenda juu sana kwa muda mrefu, kwani abiria na rubani wangekosa pumzi. Pengo hili ni mlango wao. Watoto wa Nyeri wanaozisikia ndege hizo asubuhi wanazisikia zikipita mlangoni.

Nanyuki ina bahati: mstari wake ulionyooka unapita penye nafasi. Samburu haina bahati hiyo. Chora mstari kutoka Wilson hadi hifadhi ya Samburu, utauona ukipita kilomita chache tu kutoka kileleni mwa Mlima Kenya. Mwezi wa Julai mwaka 2003, ndege ndogo iliyokodishwa kuwapeleka watalii Samburu iligonga mlima karibu na kilele cha Lenana. Watu 14 walikuwa ndani, na hakuna aliyepona. Siwasimulii haya ili muogope ndege. Nataka mjue kwamba rubani anayezunguka hapotezi wakati wa mtu. Rula haioni mawe wala mawingu. Na mlima wetu mnazijua tabia zake: alfajiri uko wazi, theluji inang'aa, ikifika saa nne asubuhi umeshajifunika.

Wanaoukwepa mlima zaidi ni watu wa magari. Nanyuki na Chuka zinatazamana, moja upande wa kaskazini-magharibi na nyingine upande wa kusini-mashariki. Kwa rula ni karibu kilomita 75, na mstari wake unapita karibu na kilele. Gari linalotoka Nanyuki kwenda Chuka hupanda hadi Timau, linateremka Meru, kisha linageuka kusini kupitia Nkubu na Chogoria. Ni takriban kilomita 140. Ni jirani asiyeonekana, na ukitaka kumsalimu itabidi uzunguke nyumba nzima.

Kuna watu waliojaribu kuikata njia hiyo, angalau nusu yake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walikuwa na kambi ya wafungwa wa kivita huko Nanyuki. Wafungwa wengi walikuwa Waitaliano. Kila mlima ulipojifunua asubuhi, mmoja wao, Felice Benuzzi, aliutazama kupitia seng'enge mpaka akashindwa kuvumilia. Mwezi wa Januari 1943 alitoroka na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti. Hawakutoroka ili warudi kwao; nani angefika Italia kwa miguu? Walitoroka ili wapande mlima tu. Vifaa vya kupandia walikuwa wamevitengeneza wenyewe kwa vyuma vya kuokoteza, na moja ya picha walizotegemea kuujua mlima ilikuwa imechapwa kwenye lebo ya mkebe wa nyama. Wawili wao walifika Lenana, wakasimika bendera ya Italia, wakashuka, wakajirudisha kambini na kupewa adhabu yao. Kutoka Nanyuki hadi kileleni, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 32 hivi. Ndege ya Caravan ingezimaliza kwa dakika sita au saba. Wao, kwenda na kurudi, walitumia zaidi ya wiki mbili. Mimi nawaona kuwa wapumbavu kidogo na mashujaa kidogo, nanyi mna ruhusa ya kuamua vingine.

Nanyuki ina ajabu nyingine inayohusu hesabu zetu: ikweta. Uwanja wa ndege uko kusini mwa ikweta, mji wenyewe uko kaskazini. Unatua nusu ya kusini ya dunia, unapanda gari, na kabla hujamaliza kusimulia safari umeshaingia nusu ya kaskazini. Pale barabarani penye kibao huwa kuna vijana wenye beseni na maji. Watakuonyesha maji yakizunguka upande mmoja hatua chache kaskazini, na upande mwingine hatua chache kusini. Ni mchezo mzuri, lakini ni mchezo. Mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuyageuza maji ya beseni kwa hatua kumi au ishirini. Mkono wa anayeyamimina ndio unaoyageuza. Wape pesa zao, wamefanya kazi, ila msiandike hilo kwenye mtihani.

Ikweta inatupa kitu chenye manufaa zaidi, yaani kipimo. Dunia ikipimwa kiunoni, kwenye ikweta, ina kilomita 40,075. Duara lina digrii 360. Gawanya, utapata kilomita 111 na kidogo kwa kila digrii moja. Nanyuki iko kwenye digrii 37.07 za mashariki. Entebbe, Uganda, nayo imekaa karibu kabisa na ikweta, kwenye digrii 32.44. Toa moja kutoka kwa nyingine: 4.63. Zidisha kwa 111.3: kilomita 515. Umepima umbali kati ya Nanyuki na Entebbe bila kusimama kutoka kwenye kiti.

Najua mmoja wenu ameshapata swali. Dunia inajizungusha mara moja kwa siku kuelekea mashariki. Kilomita 40,075 kwa saa 24 ni kilomita 1,670 kila saa; huo ndio mwendo wa Nanyuki, na wewe uliyeketi ndani yake. Basi kwa nini ndege isipae tu juu, isimame angani, ingojee Entebbe ije yenyewe? Ingefika kwa dakika ishirini!

Haiwezekani, kwa sababu hewa nayo inazunguka pamoja na dunia. Mfikirie nzi aliyeingia kwenye matatu pale Karatina. Matatu inakwenda kilomita 80 kwa saa, na nzi anapaa kutoka kwa dereva hadi kiti cha nyuma, anarudi, anamsumbua abiria sikioni. Hagongi kioo cha nyuma kila anapoinuka kitini, kwa kuwa hewa yote ya mle ndani inasafiri naye. Ndege iko ndani ya hewa ya dunia vivyo hivyo. Itabidi ijisukume yenyewe hadi Entebbe, kilomita zote 515.

Sikuichagua Entebbe ovyo. Kuna mtu aliyesafiri njia hiyo siku moja iliyoifanya Nyeri itajwe dunia nzima.

Mwanzoni mwa Februari 1952, binti mfalme wa Uingereza, Elizabeth, mwenye miaka 25, alikuja Kenya na mumewe Philip. Walikuwa njiani kwenda Australia. Meli iitwayo Gothic ilikuwa ikiwangoja Mombasa. Usiku wa tarehe 5 walilala Treetops, nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mti wa mugumo katika msitu wa Nyandarua, wakiwatazama ndovu na vifaru waliokuja kunywa maji. Usiku huo huo, huko Sandringham, Uingereza, baba yake, Mfalme George wa Sita, alifariki usingizini. Asubuhi Elizabeth alishuka kutoka mtini akiwa malkia, na hakujua. Alirudi kwenye nyumba iitwayo Sagana, karibu na Kiganjo, ambayo serikali ya koloni ilikuwa imempa kama zawadi ya harusi.

Hapa sasa angalieni mwendo wa vitu viwili: mwendo wa habari na mwendo wa mtu.

Habari ilitoka London kwa simu ya upepo na mawimbi ya redio, ambayo hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Kutoka London hadi Nyeri, wimbi halimalizi hata nusu ya sehemu ya kumi ya sekunde. Lakini habari ilifika alasiri. Iliyoichelewesha si anga, ni binadamu: ujumbe rasmi haukuwafikia kwa wakati, na watu wa Malkia waliambiwa kwanza na waandishi wa habari waliokuwa hoteli ya Outspan hapa Nyeri. Walipowasha redio na kusikia muziki wa maombolezo kutoka London, wakaamini. Mumewe ndiye aliyemweleza.

Kisha mtu akasafiri. Jioni ile waliondoka kwa gari hadi uwanja wa Nanyuki, wakapanda ndege aina ya Dakota, yenye injini mbili za rafadha, hadi Entebbe. Dakota huenda karibu kilomita 270 kwa saa. Kilomita zetu 515 ni kama saa mbili. Walipofika Entebbe, radi na mvua ya Ziwa Victoria viliwazuia kuendelea, na Malkia mpya wa Uingereza akangoja kama abiria yeyote. Karibu na usiku wa manane ndipo ndege kubwa zaidi, aina ya Argonaut, iitwayo Atalanta, yenye injini nne, ilipoweza kuruka. Kutoka Entebbe hadi London ni karibu kilomita 6,500, na haingefika bila kuongeza mafuta, kwa hiyo ilitua El Adem, nchini Libya. Alasiri ya tarehe 7, kati ya saa kumi na saa kumi na nusu kwa saa za London, ilitua. Waziri Mkuu Winston Churchill alikuwa uwanjani akingoja.

Safari ya Entebbe hadi London ilichukua muda gani? Mtoto mwenye haraka atahesabu kutoka usiku wa manane hadi saa kumi alasiri, aseme ni saa 16. Amekosea. Jua hutufikia sisi kabla halijawafikia watu wa London, na saa zetu huwa zimetangulia zao kwa karibu saa tatu wakati wa baridi yao. London ilipokuwa saa kumi alasiri, huku kwetu jua lilikuwa limeshazama, watu wakipika ugali. Ongeza saa hizo tatu: safari ilizidi saa 19. Leo ndege ya jeti hutoka Nairobi hadi London, umbali wa karibu kilomita 6,800, kwa saa nane na nusu au tisa bila kutua popote. Umbali ni karibu ule ule, muda umepungua zaidi ya nusu.

Mwaka huo huo wa 1952, tarehe 20 Oktoba, serikali ya koloni ilitangaza Hali ya Hatari, na vita vya Mau Mau vikaikumba nchi hii ya mlima. Watu wa Kikuyu, Embu na Meru hawakuruhusiwa tena kusafiri bila karatasi ya kibali. Wengi walikusanywa kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miiba. Kwa mama aliyetaka kutoka Nyeri kwenda kumwona mumewe Nairobi, kilomita 150 hazikuwa na maana yoyote. Umbali wake ulikuwa ni mhuri wa afisa: ukigongwa, anafika kesho, usipogongwa, hafiki. Malkia alifika London kwa siku moja, na mke wa mfanyakazi huenda hakufika Nairobi kwa miaka. Treetops yenyewe ilichomwa moto na wapiganaji mwaka 1954. Mnapoambiwa hadithi ya binti mfalme juu ya mti, ulizeni pia habari za waliokuwa chini ya mti.

Turudi kwenye saa zetu za leo, tumalizie hesabu ya mwisho, ile ambayo matangazo ya ndege huiruka. Ndege kutoka Nairobi hadi Mombasa hukaa angani chini ya saa moja. Kwa hiyo Nyeri hadi Mombasa kwa ndege ni saa ngapi? Kwanza ufike Nairobi: saa tatu kwa matatu. Kisha uvuke jiji hadi uwanja wa Jomo Kenyatta: weka saa moja, na siku ya mvua omba Mungu. Uwanjani wanataka ufike mapema, ukaguliwe, mizigo ipimwe: saa nyingine moja na nusu. Ndege: saa moja. Kungoja mzigo na kuingia mjini: saa moja tena. Zimefika saba na nusu, na katika hizo, angani umekaa moja tu. Kwa safari ndefu ndege haina mpinzani. Kwa safari fupi, matatu inayoondoka karibu na mlango wako huweza kuishinda ndege iliyo mbali nawe.

Sasa kazi ni yenu. Tafuteni ramani ya Kenya yenye kipimo pembeni, ile ya ukutani shuleni inatosha. Wekeni rula kutoka Nyeri hadi Meru, na muangalie mstari unapita juu ya nini. Mkipima vizuri mtapata kilomita 94 hivi. Kisha nendeni steji, mkamwamkie kwa heshima dereva wa gari la Meru, mmuulize kilomita zake, kondakta mmuulize saa zake, na nyumbani mmuulize babu au nyanya walikwendaje Meru wakati wa ujana wao. Andikeni majibu yote manne, na mbele ya kila jibu muandike jina la kipimo chake.